Urefu wa Kifyatuo

Maneno yalikwisha kinywani mwa Firmin, na risasi haikutoka.

Alikuwa amesimama mstarini, bunduki ya upepo begani, jicho moja amelifumba, na ule mduara mweusi wa karatasi umetulia mbele ya mtutu kama kawaida yake. Midomo ilikuwa imeshamaliza kazi. Kilichokwama ni kidole cha shahada, kidole kilichoshika mkasi wa ushonaji tangu ujana wake. Kilifika katikati ya safari kikagoma kama punda aliyeona mto. Kifundo kiliwaka moto. Alipokivuta kwa hasira mkono ulitikisika, na risasi ikatoboa karatasi pembeni kabisa, mahali ambapo hata wageni huwa hawapigi. Mzee wa Kireno aliyesimama jirani yake alikohoa kwa adabu, akajifanya anafuta miwani.

Ukumbi wenyewe uko nyuma ya kanisa, mtaa wa Kensington, Johannesburg, na kila Jumamosi alasiri viti vya ibada husogezwa ukutani ili wazee wenye bunduki za upepo wapate nafasi. Si watu wa vita hao. Wengi ni wastaafu wanaopenda kutoboa karatasi, kunywa chai na kulalamikia umeme. Firmin walimwita Pasta, kwa kuwa midomo yake ilicheza kila alipolenga shabaha, nao wakaamua wenyewe kwamba mzee wa Kikongo anamwomba Mungu. Hakuwasahihisha. Mtu akivishwa koti zuri bure, haulizi limetoka kabati la nani.

"Kidole kimoja hakivunji chawa," alisema mkewe Agnès jioni ile, akimkanda kwa mafuta ya moto jikoni kwao Berea. "Na wewe unataka hiki kimoja kikuvunjie shabaha. Acha sasa, Papa Arlène. Jumamosi, siku ya posho, uje kwaya na sisi wengine."

"Kwaya muko na sauti za kutosha."

"Hatuna besi."

Firmin alicheka, lakini moyoni aliumia, na maumivu yale hayakuwa ya mchezo. Agnès alidhani mumewe anapoteza burudani yake ya mwisho wa juma. Firmin alikuwa anampoteza baba yake.

Baba alikuwa fundi wa reli Likasi, mtu mfupi mwenye kofia isiyotoka kichwani. Miezi ile ambayo mshahara ulikuwa hadithi tu, aliamka alfajiri na bunduki yake ya upepo kwenda kutafuta hua kwenye mashamba ya mahindi nyuma ya nyumba, na Firmin alimfuata, miguu mitupu, umande mpaka magotini. Kifyatuo cha bunduki ile kilikuwa kizito na kirefu. Ulikivuta kikaja, ukakivuta tena kikaja, mpaka ukadhani kimekatika. Mtu mwingine angekilaani; baba alikipa kazi. Katika urefu ule wa kuvuta alizungumza na ndege, kwa sauti ya chini, kwa Kiswahili cha kwao: "Mama yako anisamehe, batoto yangu beko na njala." Neno la mwisho na risasi vilitoka pamoja.

Firmin naye alipofundishwa, sheria ilikuwa hiyohiyo, na mzee hakuwa na mzaha nayo. Ukimpiga ndege kabla hujamaliza kumwomba mama yake, humli. Atakwenda kwa mbwa, na wewe utakula bukari kwa chumvi, ugali mkavu wa kwao, huku mbwa anakutazama. Firmin aliwahi kutazamwa na mbwa yule zaidi ya mara moja. Akajifunza kuvuta taratibu.

Vita vilipomsukuma kusini, alibeba picha moja tu ya baba, nayo ikapotea njiani, labda mpakani, labda kwenye lori. Kisha mzee akafa. Habari zilifika kwa simu, na ardhi ikamfunika bila mwanawe kumtupia hata konzi ya udongo. Kilichobaki ni ile sentensi. Ajabu yake ni kwamba akiisema peke yake jikoni ilitoka kwa sauti yake mwenyewe, sauti ya fundi cherehani wa Berea, haina chumvi wala sukari. Lakini bunduki ikiwa begani na kidole kikisafiri, ilikuja kwa sauti ya baba, pamoja na ule mkwaruzo wa tumbaku. Ndiyo maana alikwenda Kensington kila Jumamosi. Alikwenda kusikiliza.

Na bunduki hii ya sasa haikutoka Likasi. Aliipata hapahapa Berea, miaka ya mwanzo, walipokuwa wamepanga chumba kimoja kwenye jengo lilelile wanaloishi hadi leo. Msimamizi wa jengo alichoshwa na njiwa waliochafua matangi ya maji juu ya paa. Akamkabidhi Firmin bunduki yake kuukuu akamwambia awapunguze. Firmin alikivuta kifyatuo mara moja akakaribia kulia, maana kilikuwa kizito na kirefu kama kile cha nyumbani. Cherehani alikuwa hajapata bado, na watoto walikuwa wanalala na chai. Kila alfajiri alipanda ngazi mpaka juu ya paa, jiji lote la Johannesburg likiwa chini yake linawasha taa na kupiga honi, akaisema sentensi ya baba bila kubadili neno, kwa sababu hapakuwa na neno la kubadili. Agnès aliwapika njiwa hao na nyanya na kitunguu kingi. Watoto walipouliza, aliwaambia ni kuku wadogo. Njiwa walipoisha, msimamizi alisema bunduki abaki nayo.

Mmoja wa watoto wale ni Arlène, ambaye aliingia mji huu akiwa hana meno ya mbele na sasa ni mfamasia mwenye gari na maoni. Arlène anakielewa Kiswahili chote, hata matusi, lakini humjibu baba yake kwa Kiingereza. Huo ndio mkataba wao wa miaka mingi, na kila mmoja anaisikia lugha ya mwenzake bila taabu. Alikuja kukitazama kidole. Alipokwisha kukitazama aliinua bunduki, akakijaribu kifyatuo, akatoa macho.

"Eish, Papa! Ugonjwa hauko kwenye kidole. Hii kitu ni ya kufungulia geti la gereji. Tunabadilisha, nami ndiye ninayelipa. Zawadi yako ya kuzaliwa."

"Nilizaliwa mwezi wa tano. Huu ni wa nane."

"Basi imechelewa. Twende."

Bakiri, Mpemba anayetengeneza bunduki za upepo, visu na mishipi ya kuvulia, ana kiduka chake kando ya barabara kuu ya Kensington, kati ya mtengeneza matairi na spaza, duka dogo la mtaani linalouza mikate. Aliipokea bunduki kwa mikono miwili kama anayepokea mtoto, akainusa mafuta, akatikisa kichwa. Halafu akatandika kitambaa cha kijani na kupanga juu yake vifyatuo vitatu.

"Mzee wangu, hiki cha kwanza ni aluminiamu, bei ya kuhurumiana. Kinakuja kilaini kwanza, halafu unagonga ukuta. Ukiusukuma ukuta kidogo tu, imetoka. Hiki cha kati ni chuma, kazi yake ni hiyohiyo lakini hakina skrubu za kuchezea, ulivyokikuta ndivyo kilivyo. Na hiki," alisema, akakigeuza cha tatu, chenye rangi ya dhahabu, kimetameta chini ya taa, "hiki wallahi hakiji wala hakiendi. Unakifikiria tu, kimeshafyatuka."

Macho ya Firmin yalikwenda kwenye aluminiamu. Kilikuwa rahisi, na tena kilisafiri kidogo, angalau.

"Rahisi ghali, mzee," Bakiri alimtania.

"Hicho cha dhahabu," alisema Arlène, kadi ya benki imeshatoka kwenye pochi.

Firmin aliitazama ile kadi. Mzazi akataeje zawadi ya mtoto aliyemlea kwa tabu, mbele ya muuzaji? Tena angesema nini? Kwamba anataka kifyatuo kibaya, ila kiwe chepesi? Bakiri alimwambia akione kwa juma moja, kisipomfaa akirudishe.

Jumamosi iliyofuata alisimama mstarini, akainua bunduki, akavuta pumzi. "Ma—" Risasi ilikuwa imeshafika. Alitazama kwa darubini akaona tundu katikati ya katikati. Akajaribu tena, na tena, na kila mara lile neno la kwanza lilikatwa kichwa. Akabuni hila: akaisema sentensi nzima kwanza, kidole kikiwa pembeni, kisha ndipo akagusa. Ikatoka ile sauti ya jikoni. Akaisema baada ya risasi. Ya jikoni vilevile. Karatasi yake siku ile ilikuwa na kidonda kimoja tu kipana katikati, na wazee wakaizunguka kuishangaa. Mreno alimkumbatia. Mtu akasema Pasta amejibiwa maombi. Firmin alikunywa chai yao akitabasamu, na alijihisi mwizi aliyealikwa karamu na wenye mali. Usiku huo Agnès alimwuliza mara mbili kama anaumwa.

Juma lilipokaribia kwisha alimpigia bintiye simu, akamwambia anataka kukirudisha. Arlène alikuja kumchukua, na mpaka wanashuka kutoka Berea alikuwa hajasema kitu. Kwenye robot ya kwanza, taa za barabarani zikiwa nyekundu, alishindwa kuvumilia.

"Ni bei, siyo? Niambie ukweli. Mwaka wa ngapi huu, Papa? Viatu nakununulia, unavaa vya zamani. Simu nakununulia, inakaa kwenye boksi. Na sasa hii. Hata kitu kimoja kizuri hutaki kukipokea kutoka kwangu."

"Siyo bei."

"Basi ni nini?"

Taa ikawa kijani, teksi nyuma yao ikapiga honi, na swali likabaki hewani mpaka Kensington. Lilimchoma Firmin, kwa sababu aliona machozi ya hasira kwenye macho ya binti yake na hakujua aanzie wapi. Jambo hilo hajawahi kulisema kwa mtu yeyote, hata kwa mama yao.

Bakiri hakushangaa sana. Alikitoa cha dhahabu, akakifunga kile cha aluminiamu, akamwonyesha Firmin gunia la mchanga mwisho wa karakana. "Jaribu."

Kilikuwa chepesi, kidole hakikulalamika hata kidogo. Lakini ukuta ulifika mapema mno.

"Unaweza kuirefusha hii safari yake?"

"Kurefusha?" Bakiri aliweka bisibisi chini. "Mzee wangu, watu wananilipa nifupishe. Mpaka vijana wanagombana nami, Bakiri punguza, Bakiri bado ndefu. Wewe wataka niirefushe! Haya, haraka haraka haina baraka, nitakurefushia. Kiasi gani?"

Firmin alijaribu kuonyesha kwa vidole, kama anavyopima upindo wa suruali. Akaachanisha, akakaribisha, akaachanisha tena. Hakuridhika.

"Basi lenga, uvute, nami nitatazama unapotaka kifike," alisema Bakiri. Firmin akalenga, na Bakiri, ambaye kazi yake ni kutazama, akaiona midomo. "Unasoma dua?"

"Hapana. Ni maneno ya baba. Ye alikuwa anapima gasheti, hiki kifyatuo, na maneno. Neno la mwisho, ndiyo risasi inatoka."

"Sasa hapo ndipo umenipa rula. Yaseme kwa sauti, nisikie pa kukata."

Firmin alimtazama Arlène. Alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na mlango, amenuna, anasoma simu. Akageukia gunia. Akavuta, na kwa mara ya kwanza tangu mashamba ya Likasi maneno yale yakasikika na mtu mwingine: "Mama yako—" Risasi ikatoka, lakini mdomo ulikuwa umeshaanza mteremko, haukuweza kusimama: "—anisamehe, batoto yangu beko na njala."

Simu ya Arlène ilishuka taratibu mpaka mapajani.

Bakiri alizungusha skrubu. "Tena." Safari hii risasi ilikata katikati ya neno la tatu. Akazungusha tena, ulimi ukiwa pembeni mwa mdomo. "Tena." *Mama yako anisamehe*, tuk. Na sauti ilikuwa ya baba. Firmin aliisikia waziwazi, mkwaruzo na yote.

"Ongeza," alisema.

Bakiri alijaribu, akachungulia ndani, akafuta mikono yake. "Imefika mwisho, mzee wangu. Nikiizungusha zaidi haitashika, itajifyatukia yenyewe, na hilo silifanyi hata kwa ndugu yangu. Hapo ndipo penyewe."

Firmin aliishusha bunduki. Alifika karibu hivyo, halafu sentensi ikaishia nusu. Alimwona mbwa wa Likasi ameketi kando ya meko, masikio wima, anangoja ndege asiyeombwa msamaha kikamilifu. "Nusu haifai," alisema, na sauti yake ilivunjika, na hakujali kwamba imevunjika. "Baba hakusema nusu. Batoto ndiyo sababu yenyewe. Bila batoto, unaomba msamaha wa nini?"

Kwa jirani gurudumu lilikuwa linagongwa.

"Batoto," alisema Arlène. "Ni sisi hao?"

"Zamani ilikuwa miye na ndugu zangu. Kisha ikakuwa nyinyi. Pale juu ya nyumba."

"Kuku wadogo."

Firmin aliipapasa bunduki.

"Papa." Arlène aliinuka kwenye kigoda. "Hakuna kuku wa ukubwa ule Johannesburg nzima. Nilijua tangu siku nilipoona unyoya wa kijivu kwenye ndoo ya Mama. Nilinyamaza tu, kwa sababu walikuwa watamu. Niliogopa nikisema mtaacha kuwaleta."

Alikuwa anacheka na kulia, na katika kucheka na kulia huko mkataba wao wa lugha ulikuwa umevunjika; hakuna aliyeona ulivunjika wakati gani. Alikuwa akisema Kiswahili cha jikoni kwa mama yake, Kiswahili alichokiacha pamoja na meno ya utoto. Alimshika baba yake kile kidole kibovu.

"Papa, sisi tulishashiba. Ile nusu yetu unaweza kuiacha."

Bakiri alianza kutafuta bisibisi ambayo ilikuwa mkononi mwake.

Firmin alikitazama kidole chake mkononi mwa binti yake. Alifikiria baba yake, ambaye hakuna mtoto aliyewahi kumwambia neno lile, kwa maana kabla hawajashiba yeye alikwisha kufa. Kisha akaiinua bunduki mara nyingine, akaipima begani, akairudisha mezani.

"Ifunge hivyo," alimwambia Bakiri.

Jumamosi hiyo Arlène hakumshusha mlangoni akaondoka, kama ilivyokuwa desturi yake. Alinunua amagwinya, maandazi ya huku, za moto kwenye spaza, akaketi ukutani kwenye vile viti vya ibada, na mfuko ukalowa mafuta juu ya mapaja yake. Wazee walimkaribisha chai. Mreno alimweleza kwa fahari kwamba Pasta wao ni bingwa, juma lililopita alitoboa tundu moja tu.

Firmin alisimama mstarini. Akaweka bunduki begani, akafumba jicho moja, akaungoja ule mduara mweusi utulie. Kidole kikaanza safari yake, chepesi, bila kinyongo. "Mama yako anisamehe," alisema baba yake, na risasi ikatoka.

Midomo, kwa mazoea, ilijikunja kutaka kuendelea. Haikupata neno. Pumzi iliyobaki aliitoa polepole puani, na ilikuwa nyingi kuliko alivyodhani.

Hakwenda kutazama karatasi. Aligeuka nyuma akamtafuta binti yake kwa macho. Arlène alikuwa ameuma gwinya, shavu limejaa, mafuta yanamshuka mpaka kwenye kiwiko, na mkono mwingine ulikuwa umeshaingia mfukoni kutafuta la pili. Firmin alingoja mpaka alipomaliza kumeza, ndipo akapakia risasi nyingine.